Panga Si Dawa ya Kila Mti

Maneno machache juu ya kupogoa na kufufua mikarafuu, na miti ya uwanjani, iliyoachwa ikaota msitu



Twapenda kuwakumbusha kwamba msimu ukisha kwisha, majamvi yakakunjwa na wachumaji wakalipwa haki yao, kazi ya shamba haijaisha. Huu ndio wakati ambao wengi wetu hushika panga tukaingia shambani kwa nia ya kusafisha. Nia ni njema, lakini haupiti mwaka ila huja watu ofisini kulalamika kwamba mti walioupunguza matawi kwa mikono yao wenyewe umekauka. Kwa hivyo Kamati imetuagiza tuandike juu ya jambo hili, nasi tumeona bora tuanze na kisa kilichotokea, kisha tutoe mafunzo yake.

KISA CHA SHAMBA LA URITHI

Miaka mitatu iliyopita, siku chache kabla ya masika, alikuja ofisini mzee mmoja mwanachama wetu. Jina lake hatulitaji. Mwenyewe ametupa ruhusa tueleze habari zake ili wengine wafaidike, wala si ili wamcheke. Mzee huyu alikaa bara miaka mingi, akifanya kazi katika mashamba ya kahawa upande wa Kilimanjaro. Alipofariki ndugu yake aliyekuwa akiangalia shamba la baba yao hapa Pemba, alirejea nyumbani, akakuta shamba limekuwa msitu. Mikarafuu ilikuwepo, arubaini na mitano kwa hesabu yake, lakini njia ya kuifikia haikuwepo.

Alipoketi na kunywa maji alituambia hivi: "Mwanangu, kule bara kahawa ikizeeka hatuing'oi. Tunaikata kisiki, futi moja na kitu kutoka ardhini, masika yakija inachipua kama mtoto mchanga. Basi nami nikasema, mkarafuu na kahawa si miti yote miwili? Mwaka jana nikaikata mikarafuu miwili, kiasi cha kiuno changu. Mmoja umekufa. Wa pili umechipua upande mmoja tu, kama mtu aliyepooza. Na yote miwili aliipanda marehemu baba."

Tulimwuliza iliyobaki imekuwaje. Akasema hiyo ndiyo iliyomleta. Wanawe walikuwa wakimshikilia kwamba mikarafuu mingine nayo ikatwe vichwa, kwa kuwa imekuwa mirefu mno na hakuna mchumaji anayekubali kuipanda. Dada yake alikuwa akisema isiguswe hata mmoja. Na huyo dada alikuwa na neno lake jingine: pale uwanjani palikuwa na asumini ya mama yao, imepanda mpaka juu ya paa, haitoi maua ila machache, na vijana walitaka kuing'oa pia. "Nimekaa baina ya panga na machozi," alisema mzee, "na masika yaja. Niambieni nifanye nini."

TULICHOKIONA

Tulifuatana naye siku ya pili, sisi pamoja na wajumbe wawili wa Kamati. Kwa kweli shamba lile lilikuwa katika hali ya kusikitisha, lakini halikuwa limekufa. Mitambaa ilikuwa imefunika mikarafuu ya ukingoni kama shuka. Juu ya matawi mengi palikuwa na kirukia, yaani ule mmea unaoota juu ya mti mwingine na kumnyonya mwenyeji wake. Matawi makavu yalikuwa yakining'inia ndani ya miti, mengine yamevunjika zamani na kuacha vipande vilivyochongoka, na mchwa walikuwa wamekwisha kuingia. Chini palikuwa na vichaka vya kila namna mpaka kifuani.

Lakini tulipotazama juu tuliona kwamba vilele vya miti iliyo mingi vilikuwa vya kijani, na ncha za matawi zilikuwa na majani mapya, yale ya rangi nyekundu ambayo kila mkulima wa karafuu huyapenda. Tukamwambia mzee: mti wenye majani mapya nchani haujaomba kukatwa kichwa. Unaomba kuondolewa mzigo.

KILA MTI NA MACHO YAKE

Kosa la mzee halikuwa uvivu wala ujinga. Aliona jambo la kweli kwa kahawa, akalipeleka kwa mti usiokuwa wake. Ili tusirudie kosa hilo, yatupasa tufahamu kwa nini mti mmoja hukatwa ukachipua na mwingine hukatwa ukafa.

Kila mti huota kutokana na macho. Macho mengine yako nchani, hayo ndiyo tunayoyaona. Mengine yamelala ndani ya gome, yakingoja siku mti utakapopoteza kichwa chake ndipo yaamke. Miti haikugawiwa macho haya sawasawa.

Utazameni mnazi. Mnazi una jicho moja tu, nalo liko kileleni. Ukate kichwa, na hapana mvua itakayoufufua. Kisha tazameni mdalasini, ambao tunao katika mashamba yetu. Mdalasini una macho mengi kwenye shina na shinani pa mizizi. Wenye kuulima huukata karibu na ardhi, ukatoa fimbo nyingi mpya, na maganda ya fimbo hizo ndiyo biashara yenyewe. Kahawa nayo iko upande wa mdalasini: ikikatwa kisiki huchipua, mkulima akachagua machipukizi mawili au matatu yaliyo bora na mengine akayaondoa.

Mkarafuu uko baina ya hao. Hatusemi kwamba haukatiki kabisa. Wenzetu wa Bukini, yaani Madagaska, huikata matawi mikarafuu yao ili wapate majani ya kukamulia mafuta, na miti huishi. Lakini wao wenyewe wanajua kwamba mkarafuu unaokatwa sana kwa ajili ya majani hautoi karafuu za kutosha. Nasi hapa hatulimi majani, twalima karafuu. Na mkarafuu mzee, ukikatwa mpaka kwenye shina nene lililokwisha kuwa gumu, huchipua kwa shida, na mara nyingine hauchipui, kama alivyoona mzee wetu.

KWA NINI MKARAFUU NI MWEPESI KUUMIA

Ziko sababu mbili ambazo kila mwanachama hana budi kuzishika moyoni.

Sababu ya kwanza ni kwamba karafuu huzaa nchani. Kile kishada tunachokichuma hutoka mwisho wa kijitawi, si katikati wala shinani. Basi mtu anayezunguka mkarafuu kwa panga akiukata kwa nje ili uwe mduara mzuri wa kupendeza macho, kwa hakika anakata pakacha lake la msimu ujao. Ua la uwanjani waweza kulinyoa kama kichwa cha mtoto. Mkarafuu haunyolewi.

Sababu ya pili ni maradhi yanayoingilia majeraha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wawili, Nutman na Roberts, walitangaza uchunguzi wao juu ya maradhi ya mikarafuu ya visiwa vyetu. Walionyesha kwamba yale maradhi ya kukauka matawi yanaletwa na kuvu, nayo huingia mtini kupitia palipovunjika au palipochubuka. Kuvu hiyo ikisha kuingia hushuka na tawi. Majani ya tawi zima hukauka yakageuka rangi ya kahawia, na ukipasua ubao utaona umebadilika rangi ndani. Isipozuiwa huteremka mpaka shinani, na hapo mti wote huwa hatarini.

Basi fikirini wenyewe: mtu anayekata mkarafuu kwa panga butu, akiacha majeraha ishirini yaliyopasuka na kuchanika, amefungua milango ishirini. Kisha mti ukikauka husema ni jicho la watu.

Hapa yafaa tutofautishe. Yako maradhi mengine ya mikarafuu, yale tuyaitayo kufa ghafla, ambapo mti mzima huonyesha kiu, ukapukutisha majani na kufa kwa muda mfupi. Hayo kupogoa hakuyatibu. Ukiona mti mzima umegeuka hivyo, usipoteze nguvu kwa panga. Mwite Bwana Shamba aje autazame kabla haujawa kuni.

Na tusiwaone wazee hawa kuwa ni mzigo. Mkarafuu uliotunzwa waweza kuishi zaidi ya miaka mia moja. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ilinusurika, na tangu hapo kisiwa chetu ndicho kikawa chenye mikarafuu mingi. Mche unaoupanda leo hungoja miaka sita, saba, hata minane kabla ya kukupa karafuu za kwanza. Mti mzee ulio hai tayari umekwisha kukungojea.

KAZI YA MIAKA MITATU

Ushauri tuliompa mzee ndio tunaowapa wanachama wote wenye mashamba yaliyoota msitu. Kazi hii ifanywe kwa miaka mitatu, isifanywe kwa siku tatu.

Mwaka wa kwanza ni wa kuondoa visivyo vya mkarafuu. Fyeka vichaka, lakini usichimbe wala usipige jembe kwa nguvu chini ya mti, kwa sababu mizizi inayolisha mkarafuu iko juu juu. Majani uliyoyafyeka yaache yafunike ardhi, yazuie jua na kuhifadhi unyevu, ila yasigusane na shina. Usichome moto chini ya mikarafuu hata kidogo. Moto wa nusu saa huweza kuunguza mizizi iliyofanya kazi miaka sitini. Mitambaa ikate chini, uiache ikauke juu yenyewe. Ukiivuta ingali mbichi itakuja na matawi. Kirukia usikibandue kwa kucha, kwa kuwa mizizi yake imo ndani ya ubao na kitarudi. Kata kijitawi kilichokibeba, chini kidogo ya pale kilipojishika.

Mwaka huo huo ondoa matawi yaliyokufa, nayo yote. Huhitaji kuogopa kukata tawi lililokufa, kwa kuwa halina karafuu wala halitakuwa nayo. Kama limekauka kwa maradhi, fuata ubao mpaka ufike ulipo mweupe na salama, kisha kata kwenye panda iliyo chini zaidi ya hapo. Matawi ya namna hiyo yatolewe shambani yakachomwe mbali, wala yasirundikwe kando ya miti mizima.

Mwaka wa pili ni wa kupunguza matawi yaliyo hai, kwa kiasi. Ondoa yanayosuguana, maana msuguano ni jeraha lisilokwisha. Ondoa vichipukizi vilivyosimama wima ndani ya mti, vinavyokimbilia juu bila kuzaa. Katika mwaka mmoja usitoe zaidi ya robo ya majani ya mti. Ukishuka chini ukaona mti haukubadilika sana, jua umefanya vizuri.

Mwaka wa tatu ni wa kutazama na kusawazisha. Kama kuna tawi refu mno linalohatarisha watu au nyumba, lifupishe mpaka kwenye tawi dogo lililo hai ambalo unene wake ni angalau theluthi ya unene wa lile unalolikata, ili liwe mrithi wake. Tawi lililokatwa likaachwa bila mrithi huoza.

Na mahali palipo wazi panda miche. Acha nafasi ya mita saba hadi tisa baina ya mti na mti, uipe miche kivuli cha migomba katika miaka yake ya mwanzo, na ikiwa mche umetoa mashina mawili yanayoshindana, ondoa moja ungali mdogo. Mkarafuu wenye panda kubwa huja kupasuka siku ya upepo. Samaki mkunje angali mbichi.

NAMNA YA KUKATA TAWI

Msumeno mkali ni bora kuliko panga kwa kila tawi lililozidi unene wa dole gumba. Kwa vijitawi vidogo tumia mkasi wa kupogolea. Panga liachiwe vichaka na mitambaa. Chombo kifutwe kwa spiriti au kipitishwe motoni utokapo mti wenye maradhi kwenda mti mzima.

Tawi kubwa hukatwa kwa mikato mitatu. Wa kwanza uanzie chini ya tawi, shibiri moja au mbili kutoka shinani, uingie kiasi cha theluthi. Wa pili uwe juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, mpaka tawi lianguke. Kwa njia hii tawi halitashuka na gome la shina. Wa tatu ni wa kuondoa kipande kilichobaki, na hapa ndipo wengi hukosea. Tazama pale tawi linapoungana na shina, utaona uvimbe kama pete. Hiyo ndiyo shingo ya tawi. Kata mbele ya shingo, uiache salama. Ukiikata shingo yenyewe umeutia mti jeraha kubwa lisiloziba upesi. Na ukiacha kigingi kirefu, kitaoza na uozo utaingia ndani.

Juu ya kupaka lami, twakiri kwamba Chama hiki, kama vyama vingine, kiliwahi kushauri kila mkato upakwe lami. Leo ushauri huo tumeuacha. Mtaalamu wa miti wa Marekani, Alex Shigo, alipasua maelfu ya magogo kuchunguza majeraha yake. Alionyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama mwili wa binadamu, bali hujenga ukuta ndani na kukifungia nje. Rangi na lami hazizuii uozo. Kinachousaidia mti ni mkato safi, mahali sahihi, siku kavu. Kwa hivyo mikarafuu ikatwe baada ya mavuno katika siku za ukavu, isikatwe mvua ikinyesha wala matawi yakiwa maji maji, kwa kuwa kuvu hupenda unyevu.

Tena tusisahau roho zetu. Tawi la mkarafuu huvunjika bila kuaga. Asipande mtu peke yake, asipande baada ya mvua, na kamba ifungwe kwenye shina, isifungwe kwenye tawi analolikanyaga. Na maji moto wakianza kuuma, shuka taratibu. Aliyeruka hakuumwa na chungu tu.

MITI YA UWANJANI

Sasa twaja kwenye asumini ya mama, na hapa twawaomba mabibi watusikilize kwa kuwa hii ni milki yao. Miti mingi ya uwanjani ina macho mengi, na ile nguvu ambayo ingeua mkarafuu huifufua. Lakini hata hiyo ina taratibu zake.

Asumini hutoa maua kwenye machipukizi mapya. Ndiyo sababu iliyozeeka huwa fungu la kuni ndani na maua machache juu ya paa. Ifufue kwa theluthi: mwaka wa kwanza kata karibu na ardhi theluthi moja ya mashina, yale yaliyo mazee kabisa. Mwaka wa pili kata theluthi nyingine, na wa tatu iliyobaki. Kwa njia hii uwanja haukosi ua la kikuba hata mwaka mmoja, na baada ya miaka mitatu una asumini mpya juu ya mizizi ya zamani. Wakati wake ni mwisho wa kaskazi, maua yakisha kupungua, ili masika yaikute tayari.

Mhina hauogopi kitu. Uliokuwa mti waweza kuukata mpaka magotini, ukarudi kuwa kichaka chenye majani mengi, na majani hayo ndiyo yanayotakiwa.

Mawaridi yaondolewe fimbo zilizokufa na zilizozeeka, na zilizobaki zifupishwe juu tu ya jicho linalotazama nje, ili katikati pawe na hewa.

Mlangilangi ukiachwa hupanda juu ukawapa maua ndege. Wenye kulima langilangi kwa mafuta, kama wenzetu wa Ngazija, huukata kichwa ungali mchanga na kuyainamisha matawi, mchumaji akafikia maua amesimama chini. Uliokwisha kuwa mrefu usiukate kwa mara moja. Ushushe kidogo kidogo, kila mara ukiacha matawi ya chini yenye majani.

Mdimu na mchungwa huvumilia kukatwa, lakini gome lake lililozoea kivuli huungua likipigwa na jua ghafla. Ukiufungua sana, paka shina na matawi manene chokaa nyeupe iliyolainishwa kwa maji. Na machipukizi yenye miiba marefu yatokayo chini ya ulipobebeshwa mti yaondoe, hayo si ya mchungwa wako.

NENO KWA WENYE KUAJIRI WACHUMAJI

Tumesema mengi juu ya msumeno, lakini ukweli ni kwamba majeraha mengi ya mikarafuu hayatokani na kupogoa. Hutokana na uchumaji. Mchumaji anayelipwa kwa pishi ana haraka, na haraka yake huvuta tawi kwa kigoe mpaka lilie. Tawi lililovunjika na kuachwa linaning'inia ndiyo kazi yote tuliyoieleza hapo juu, nayo itamngoja mwenye shamba miaka mitatu.

Kwa hivyo patana na wachumaji wako kabla ya msimu. Toa ngazi na kamba za kutosha, kwa sababu mtu asiyekuwa na ngazi atavunja. Tawi likivunjika, ufikapo ukavu likatwe vizuri, lisingoje mwaka ujao. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wako wenye mashamba wanaowapa wachumaji kitu kidogo juu ya ujira kwa kila mti uliochumwa bila kuvunjwa, nasi twaona hilo ni jambo la busara. Ni rahisi kuliko kununua miche.

MWISHO WA KISA

Mzee alirudi nyumbani akawaeleza wanawe. Hawakufurahi, kwa kuwa vijana hupenda kazi inayoonekana. Lakini msumeno ulinunuliwa, na kazi ilianza. Sisi tumelitembelea shamba lile kila mwaka, na mwaka huu tumekwenda mara ya tatu.

Hatutaki kusema uongo kwamba yote yamekuwa mazuri. Katika mikarafuu arubaini na mitatu iliyobaki, mitano ilikuwa imekwisha kuliwa ndani, nayo mzee akaiondoa baada ya kushauriana na Bwana Shamba. Msimu wa kwanza hakupata kitu cha kutaja, akatusuta kidogo pale sokoni mbele za watu, nasi tukanyamaza kwa kuwa alikuwa na haki ya kusuta. Msimu wa pili alipata kiasi. Safari hii tulipofika tulikuta majamvi matatu yametandikwa uwanjani na wajukuu wanachambua makonyo, na wale wanawe waliotaka kukata vichwa ndio waliokuwa wakigombana na mchumaji mmoja kwa kuwa amevunja tawi.

Ile mikarafuu miwili ya kwanza nayo tuliiuliza. Uliokufa umeng'olewa, na mahali pake pana mche uliofika kiunoni, chini ya mgomba. Ule uliochipua upande mmoja ungali upo. Haujatoa karafuu hata moja. Wanawe walitaka kuuondoa, mzee akakataa. Alituambia: "Uacheni. Huu ndio ubao wangu wa chuoni. Kila nikishika panga nautazama kwanza."

Asumini imeshuka kutoka kwenye paa. Dada yake alitupa maua kwenye kipande cha jani la mgomba tuchukue nyumbani, akasema ni ya mama.

Basi, ndugu wanachama, hilo ndilo tulilokuwa nalo. Usiache mbachao kwa msala upitao: mti mzee ulio hai ni mali, na ufundi wa mti mwingine usiletwe kwa mkarafuu bila kuuliza. Chama kina msumeno wa kuazimisha, pamoja na mtu wa kuonyesha namna ya kuutumia, kwa kila mwanachama aliyelipa ada yake. Ambaye hajalipa naye aje tuzungumze. Mwenye swali au mwenye uzoefu tofauti na huu atuandikie, tutalitia katika toleo lijalo, Insha'Allah.

Wabillahi tawfiq.

Katibu, kwa niaba ya Kamati